Kupanda Miti Ukubwani

Swali: Nina miaka 46 na mwili wangu si mwepesi. Je, naweza kupanda miti kwa kujifurahisha, au niwaachie watoto?

Jibu: Unaweza. Huko Atlanta, Marekani, Peter Jenkins alianzisha mwaka 1983 chama kinachofundisha hata watu wazima kupanda miti kwa kamba. Hukumbatii shina. Kamba hupitishwa juu ya tawi, nawe, ukiwa umevaa mkanda maalumu wa kiunoni na mapajani, unapanda kidogo kidogo. Miguu ikisaidia, mikono haichoki upesi. Ukipumzika, fundo hubana kamba usiporomoke.

Kwanza kagua mti: matawi makavu, uyoga shinani, mashimo, nyuki. Mti ulio karibu na nyaya za umeme achana nao kabisa. Chagua tawi bichi lenye unene wa sentimita 15 hivi au zaidi, kisha ulijaribu kwa uzito wa watu wawili mkiwa bado chini.

Vaa kofia ngumu, usipande peke yako, wala usitumie viatu vya misumari, vinajeruhi gome. Kamba ya kuanikia nguo haifai. Mafundo jifunze kwa mwalimu, ukiwa bado karibu na ardhi.