Nionyeshe, Nami Nifanye
Kijitabu cha afya, nyumba na malezi kwa wahudumu wa kujitolea na kaya za Nambilanje

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha wahudumu wa afya wa kujitolea wa Nambilanje wilayani Ruangwa, wenzao wa vijiji vya jirani wilayani Nachingwea, na kila kaya wanayoitembelea. Msingi wake ni huu: somo la afya linakuwa limefika nyumbani pale wenye nyumba wanapolifanya kwa mikono yao, mbele ya wale wanaoamua mambo ya nyumba hiyo. Kusikia peke yake hakutoshi. Wazee wetu walilijua hilo. Katika jando na unyago mwali haachiwi mpaka ameonyesha kwamba ameelewa.

Tumetoka wapi

Kati ya mwaka 2010 na 2013, baadhi ya kata za Lindi na Mtwara, zikiwemo za wilaya za Ruangwa na Nachingwea, zilikuwa na mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake. Wanavijiji waliojitolea walimtembelea mama mara tatu akiwa mjamzito na mara mbili baada ya kujifungua. Walibeba kadi za picha, mwanasesere wa kuonyeshea, na kadi yenye picha ya unyayo wa kupimia mguu wa mtoto mchanga, kwa kuwa mguu mfupi huashiria mtoto aliyezaliwa mdogo anayehitaji uangalizi zaidi.

Kina mama waliotembelewa waliwahi zaidi kunyonyesha baada ya kujifungua. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko katika kata ambazo hazikuwa na mpango huo. Tuchukue mafunzo yote mawili. Mgeni anayebisha hodi anaweza kubadili desturi ya nyumba, ila hawezi kushika nafasi ya zahanati iliyo tayari na familia inayowahi kufika huko.

Namna ya kuendesha darasa

1. Watu wawe wachache, kumi hadi kumi na watano, ili kila mmoja apate zamu yake.
2. Kaeni alasiri, watu wakiwa wamerudi shambani.
3. Waiteni baba, bibi, mama mkwe na mjomba. Mama kijana huenda ameelewa vizuri, lakini safari ya hospitali ikasubiri neno la mkubwa.
4. Tumieni vyombo vya nyumbani: sufuria, kikombe, kijiko, dumu, kanga.
5. Mkufunzi aonyeshe mara moja, kisha kila mtu afanye. Aliyekosea arudie, asichekwe.
6. Baada ya wiki mbili, mhudumu apite nyumba kwa nyumba, aseme: "Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Zoezi la kwanza: kibuyu chirizi

Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo, pitisha mti kwenye mkono wa dumu, ulaze juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Tundika sabuni pembeni. Weka kimoja karibu na choo na kingine karibu na jiko. Nawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto.

Angalizo kwa nyumba zenye mikorosho: dumu au chupa iliyowekwa dawa ya shambani haifai kwa maji hata ikioshwa mara saba. Itobolewe isitumike tena. Salfa na dawa nyingine za mikorosho zifungiwe mbali na chakula na watoto. Anayepuliza avae mikono mirefu na kufunika pua na mdomo, kisha aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Zoezi la pili: mtoto anaharisha

Pakiti ya ORS ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama. Hapa wengi hukosea, kwa sababu chupa kubwa ya maji ya dukani mara nyingi ni lita moja na nusu. Maji yakizidi, dawa inakosa nguvu. Yakipungua, chumvi inakuwa nyingi na inaweza kumdhuru mtoto. Pima kwa chupa mbili za nusu lita. Kila mshiriki apime mwenyewe, aonje, amwonjeshe jirani.

Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki. Avimalize siku zote alizoandikiwa, hata kama kuharisha kumekoma.

Mpeleke haraka ikiwa kinyesi kina damu, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu, amelegea, au hawezi kunywa wala kunyonya.

Zoezi la tatu: mama mjamzito na mtoto mchanga

Tumieni mwanasesere, au kanga iliyoviringishwa. Mtoto akishazaliwa, akaushwe, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Anyonye ndani ya saa moja. Maziwa ya kwanza ya njano yasikamuliwe na kumwagwa, maana ndiyo kinga yake ya mwanzo. Kitovu kiachwe kikavu: kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya majani. Miezi sita ya kwanza anyonye maziwa ya mama tu, asipewe maji wala uji.

Mama aanze kliniki kabla ujauzito haujafika wiki 12, alale ndani ya chandarua chenye dawa, ameze vidonge vya kuongeza damu na dawa za kuzuia malaria anazopewa kliniki. Baba na mama wapange mapema: nani atamsindikiza, nani atachangia damu, nani atabaki na watoto.

Dalili za hatari kwa mama: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kupumua haraka, degedege, macho au ngozi kuwa njano, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha. Msisubiri asubuhi. Pigeni simu namba 115 bila malipo, ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura.

Zoezi la nne: chungu cha mtoto na pesa za msimu

Mtoto akitimiza miezi sita, uji mtupu haumtoshi. Pikeni darasani uji mzito wenye karanga au ufuta uliosagwa. Siku nyingine mpondeeni mbaazi au choroko kwenye ugali laini, pamoja na kisamvu au matembele na tone la mafuta. Ongezeni papai au embe, na yai au dagaa wakipatikana. Aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka miwili au zaidi.

Ruangwa na Nachingwea zinalima ufuta, mbaazi na korosho, na watoto wetu wanastahili kula sehemu ya mavuno hayo. Kabla gunia la mwisho halijapelekwa ghalani, tengeni debe la nyumbani. Malipo ya korosho yakiingia, mume na mke wakae waandike mambo matatu kabla ya mengine: chakula cha miezi ya mvua, bima ya afya, na fedha ya dharura ya uzazi. Pesa hiyo ijulikane na wote wawili mahali ilipo, ili yeyote aliyepo nyumbani aweze kuitumia.

Kabla ya kutawanyika

Kila kaya ichague jambo moja la kufanya wiki hii, ilitaje mbele ya wenzake, na mhudumu aliandike. Atakapopita, aanzie hapo. Kaya iliyokwama isaidiwe na jirani aliyeweza. Kwa swali lolote la afya, pigeni 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo, au mwulizeni mganga wa zahanati yenu.