Mafunzo Niliyopata kwa Elektrodi za Maji ya Bahari

1. Hesabu saa, si mapovu

Tulipowasha umeme kwenye chombo cha maji ya bahari tuliyochota pwani ya Kunduchi, ili kuyapasua kuwa haidrojeni na oksijeni, mapovu yalipanda pande zote mbili na chumba kizima kikashangilia. Kesho yake maji yalikuwa rangi ya kutu. Sahani ya upande wa chanya (anodi), ya chuma tulichoambiwa hakishiki kutu, ilikuwa imejaa vishimo vilivyochimbwa na kloridi ya chumvi. Tangu hapo, mtu akinionyesha elektrodi mpya namuuliza imedumu majini saa ngapi.

Kikundi cha Hongjie Dai pale Stanford kilijibu swali hilo vizuri mwaka 2019. Anodi ya nikeli isiyo na kinga ilidumu saa 12 hivi. Ile waliyoivika nikeli yenye salfa, kisha tabaka la nikeli na chuma, ilipita saa 1,000. Siri yake inanifurahisha hadi leo: juu ya tabaka hizo hujengeka salfeti na kaboneti zenye chaji hasi, nazo huisukuma kloridi, iliyo hasi pia, isiifikie metali iliyo chini.

2. Harufu ni taarifa

Ukisikia harufu kama ya bwawa la kuogelea, anodi inatoa klorini badala ya oksijeni. Fungua madirisha, usiinamie chombo. Gesi hiyo ni sumu. Kisha angalia volti. Maji yakiwa na alkali, kloridi huhitaji takriban volti 0.48 zaidi ya zile za kutoa oksijeni ndipo ianze kubadilika. Fanya kazi ndani ya nafasi hiyo.

3. Kathodi nayo huugua

Kathodi ni sahani ya upande wa hasi, inayotoa haidrojeni. Hapa adui ni magnesi na kalsi, zinazoganda kuwa ukoko mweupe na kuziba uso wa elektrodi.

4. Mjue mshindani wako

Mshindani ni njia ya kuyaondolea maji chumvi kwanza, kisha kuyapasua yakiwa safi. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kilo moja ya haidrojeni hutumia lita 9 hivi za maji na umeme wa takriban kilowati-saa 50. Kuondoa chumvi kwenye lita 1,000 nzima huhitaji kilowati-saa 3 au 4 tu. Kwa hiyo umeme wa kuchuja maji ni kidogo mno, na elektrodi yako haitashinda kwa kuuokoa. Itashinda pale mtambo wa kuchuja ni mzigo kuusafirisha na kuutunza, mfano kwenye jukwaa la mitambo ya upepo baharini. Iunde kwa ajili ya huko, na uijaribu kwa maji yenye mchanga na mwani, si kwa chumvi ya dukani.