Bibi Alizaliwa Lini?

Umekwisha kwenda mazishini mara nyingi. Kabla ya jeneza kushushwa, mtu mmoja wa ukoo husimama na karatasi. Husoma habari za marehemu. Marehemu akiwa bibi kizee, mara nyingi karatasi huwa fupi. "Alizaliwa zamani. Alibatizwa. Aliolewa. Ameacha watoto saba na wajukuu wengi." Basi. Mama huyo aliishi miaka themanini au zaidi. Alilima, alizaa, alizika, alisali. Yote hayo yamekuwa mistari miwili.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Somo hili litakusaidia kuandika habari za bibi yako wakati yu hai na anaweza kukujibu mwenyewe.

Jambo hili si la mazishi tu. Sisi wa Kasulu na Kibondo tunaishi karibu na mpaka wa Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazofanana sana. Mtu wa huku akiomba kitambulisho cha Taifa anaweza kuulizwa: Baba yako alizaliwa wapi? Bibi yako alizaliwa kijiji gani? Wengi hawana jibu. Anayejua ni bibi, naye akifa jibu limezikwa.

Tuanze na miaka. Ukimwuliza bibi alizaliwa mwaka gani, atacheka. Mwulize mambo aliyoyaona, kisha wewe utafute mwaka. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916, wakakaa mpaka mwaka 1921 Waingereza walipopokea utawala. Hayo bibi aliyasikia kwa wazee wake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Huenda wazazi wake walihamishwa wakati huo. Mwulize mahame yao yako wapi, mto gani uko karibu, na nani walikuwa jirani. Andika majina yote, hata kama leo pale pamebaki pori.

Mwulize pia kama anamkumbuka Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala nchi ya Kasulu zamani za Waingereza. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1972 wakimbizi wengi walivuka kutoka Burundi, na mwaka huohuo watu wa mkoa wetu walianza kuhamishiwa katika vijiji vipya.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme bibi anakwambia, "Uhuru ulipokuja, mtoto wangu wa kwanza alikuwa akitambaa." Mtoto anayetambaa ana kama miezi minane. Basi mtoto huyo alizaliwa mwaka 1961. Bibi alikuwa na umri gani alipomzaa? Tuseme kama miaka 19.

1961 − 19 = 1942

Andika: "Bibi alizaliwa karibu na mwaka 1942." Neno "karibu" usiliache. Afadhali kusema karibu kuliko kuandika uongo ulionyooka.

Kama bibi ni Mkatoliki, unao msaada mwingine. Kila parokia ina kitabu cha ubatizo. Humo huandikwa jina la mtu, siku aliyobatizwa, majina ya wazazi wake, msimamizi wake na padri aliyembatiza. Pembeni huongezwa habari za kipaimara na ndoa. Kitabu hicho hukaa pale alipobatiziwa, si pale anaposali sasa. Bibi anaweza kuwa anasali kigangoni kwenu, na jina lake liko Kabanga au misioni nyingine ya zamani. Nenda ofisini kwa adabu, useme jina la ubatizo na la wazazi. Cheti cha ubatizo ni moja ya karatasi zinazoweza kumsaidia mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa. Tazama vizuri jinsi jina lilivyoandikwa. Kitabuni ni Anastasia, kwenye kadi ni Anastazia. Herufi moja tu inaweza kukusumbua ofisini.

Hata Mwalimu Nyerere alikuwa na habari za namna hizi mbili. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe wa Butiama, ambaye baadaye naye alibatizwa akaitwa Christina, alimzaa mwaka 1922 wakati wa mvua kubwa. Mtoto akapewa jina la Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ubatizo wake unajulikana hata siku: tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius. Ukoo ulitunza mvua, kitabu kikatunza tarehe. Wewe andika vyote viwili.

Lakini kitabu cha kanisa hakisemi kila kitu. Hakisemi nani alilima mihogo na maharage wakati mume yuko manamba, kwenye mkonge wa Tanga. Hakisemi bibi alitembea saa ngapi kwenda Misa ya Krismasi, na mtoto mgongoni. Mwulize rozari yake aliipata kwa nani. Mwulize kama anakumbuka sala za Kilatini. Misa ilianza kusaliwa kwa Kiswahili baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza mwaka 1962 na kumalizika 1965, kwa hiyo hata Kilatini kitakusaidia kupata mwaka.

Liko swali moja gumu. Ni la watoto waliokufa. Usilianze siku ya kwanza. Ngoja mkiwa mnachambua maharage, wawili tu. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akitaja jina, liandike pamoja na majina ya walio hai. Kwa maoni yangu hesabu ya "watoto saba" si kamili kama mama alizaa kumi.

Maswali

1. Kwa nini tunaandika neno "karibu" mbele ya mwaka?
2. Kitabu cha ubatizo cha bibi yako kiko parokia gani?
3. Bibi anasema, "Tulipohamia kijijini mwaka 1972 nilikuwa na miaka kama 30." Alizaliwa karibu na mwaka gani?
4. Nenda kwa bibi jioni ya leo na daftari. Mwamkie, kaa chini, umwombe akutajie jina la mama yake na mahali alipozaliwa. Liandike kama anavyolitamka, kisha umsomee.