Anayetembea Polepole Atangulie Mbele: Somo la Kusafiri na Wazee

Tukisikia "ziara ya mafunzo" hapa chuoni, picha inayokuja kichwani ni basi limejaa vijana, spika inapiga muziki na vituo vitano vya kutembelea kwa siku moja. Sisi tunaosomea ualimu ndivyo tunavyowapangia hata wanafunzi wetu. Leo nataka tujifunze kuhusu wanafunzi ambao hatuwapangii chochote: wazee. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea.

Mfano wangu ni safari ya wazee 11 wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kwetu Kanoni, Karagwe, akiwemo bibi yangu. Likizo iliyopita niliwasindikiza kwenda Bagamoyo. Hoja yangu ni moja tu: kwenda polepole na wazee si kuwaonea huruma. Ni mbinu ya kufundishia, tena mbinu nzuri kuliko nyingi tunazokariri kwa ajili ya mtihani.

Mzee kama mwanafunzi

Nchi yetu ilishalielewa jambo hili zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wakikaa kwenye vikundi, wakisikiliza redio na kujadiliana. Kwenye safari yetu walikuwemo akina mama wawili waliojulia kusoma kwenye kisomo. Wenyewe wanalisema hilo kwa fahari kuliko sisi tunavyotaja digrii zetu.

Wenzetu wa nje nao walifika hapo kwa njia yao. Mwaka 1973 mjini Toulouse, Ufaransa, kilianza Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu kwa ajili ya wastaafu. Mwaka 1975 kule New Hampshire, Marekani, ukaanza mpango ulioitwa Elderhostel: wazee walilala kwenye mabweni ya chuo wakati wanafunzi wako likizo, wakasoma kozi fupi na kutembea. Leo kuna wastaafu wanaokaa wiki nzima kwenye mji mmoja wa kale kando ya Bahari ya Mediterania, asubuhi wanajifunza, mchana wanapumzika.

Malcolm Knowles, ambaye kila mwanafunzi wa elimu anamtaja, anasema mtu mzima haji darasani mtupu. Uzoefu wake ni sehemu ya somo. Sasa jiulize: uzoefu huo utatoka saa ngapi kama kila dakika 20 unampigia mzee honi apande basi?

Kwa nini Bagamoyo?

Somo zuri huanzia kwenye kile mwanafunzi anachokijua. Kati ya Karagwe na Bagamoyo kuna njia ya zamani. Karne ya 19, Kafuro, pale pale Karagwe, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliotoka pwani. Speke na Grant waliondoka Bagamoyo mwaka 1860, wakafika kwa mfalme Rumanika mwezi Novemba 1861. Zaidi ya mwaka mzima njiani! Speke alipoendelea kwenda Buganda, Januari 1862, Grant alibaki Karagwe kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Wazee wetu waliposikia hilo walicheka sana. "Kumbe hata yeye mguu ulimkatalia kwetu," alisema bibi huku akisugua goti lake.

Stanley naye, akiwa na Emin Pasha, alipita Karagwe katikati ya 1889 na kufika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Usiku huo huo, kwenye karamu ya kuwapokea, Emin alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Katembea miezi kibao porini, kaja kuumizwa na ghorofa la mjini. Niliwasimulia hilo kabla hatujapanda ngazi yoyote, na hakuna aliyekimbia.

Ratiba yetu

Polepole haina maana kwamba chombo kiende taratibu. Tulipanda basi Kayanga, tukalala Kahama, kesho yake tukalala Dodoma, halafu tukachukua treni ya mwendokasi hadi Dar es Salaam, na basi dogo la kukodi hadi Bagamoyo. Kinachopunguzwa ni idadi ya mambo ya siku moja. Sheria yetu ilikuwa sehemu moja kwa siku, na mchana wa jua kali ni wa kupumzika.

Siku ya kwanza: bahari tu. Saba kati ya wazee 11 walikuwa hawajawahi kuiona. Hatukufundisha kitu. Walikaa kwenye kivuli karibu na soko la samaki, wakaonja maji kama kweli yana chumvi, wakabishana kama ni kubwa kuliko Ziwa Victoria.

Siku ya pili: kituo cha misafara, yaani Caravan Serai, ambako wapagazi walipumzika. Hapa ndipo nilipoona Knowles akitembea kwa miguu. Mwongozaji alipoeleza jinsi mizigo ilivyobebwa, mzee mmoja mkulima wa kahawa alimwomba radhi, akavua koti, akalikunja likawa ngata na kuliweka kichwani. Akaonyesha jinsi baba yake alivyobeba kahawa hadi Bukoba kwa miguu: namna ya kuinuka na mzigo, namna ya kupumua mlimani, na kwa nini wabebaji huimba. Kulikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa wanapitishwa haraka haraka. Wakasimama. Mwalimu wao aliangalia saa mara mbili, mwisho akaacha kuiangalia. Mwongozaji akamwomba mzee arudie tangu mwanzo.

Siku ya tatu: misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako walilelewa watu waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya akina Susi na Chuma kuusafirisha kutoka bara. Baada ya makumbusho wazee walikaa chini ya miti karibu saa nzima bila kusema mengi. Habari za minyororo hazimezwi kwa haraka. Bibi mmoja alitoa kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni kwetu, akampa kila mtu punje chache, na mwongozaji pia.

Siku ya nne: magofu ya Kaole, asubuhi mapema kabla ya jua. Misikiti na makaburi yale yalianza karne ya 13. Siku ya tano tukaanza kurudi.

Kanuni za kiongozi wa safari

1. Mwenye hatua fupi kuliko wote atangulie mbele. Akiwa nyuma, kila mnapomsubiri mnamwaibisha. Akiwa mbele, yeye ndiye saa ya kundi.

2. Kabla ya historia, uliza choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, na viti vipo vingapi.

3. Panga siku kwa kufuata muda wa chakula na dawa. Mwenye kisukari au presha hasubiri mwongozaji amalize hadithi. Kila mzee awe na kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, na karatasi yenye majina ya dawa zake.

4. Mwombe mwongozaji anyamaze kila baada ya jambo moja. Baadhi ya wazee wetu wanafikiri kwa Kinyambo kwanza, kwa hiyo kimya kile ndicho kinacholeta swali.

5. Jioni msimulizi si wewe. Kila mzee aseme kitu kimoja alichokiona.

Pingamizi la kweli

Kuna atakayesema: wazee wenyewe hela hawana, watasafiri mara moja tu maishani, kwa nini wasione vyote? Swali hilo lilizuka Kanoni kabla hatujaondoka. Wakala mmoja wa safari aliwapa ratiba ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja kwa siku tatu, na bei ilikaribia kuwa sawa na yetu. Mzee mmoja aliunga mkono kwa nguvu: "Mimi sirudi tena. Nionyesheni vyote."

Sina jibu jepesi kwa mzee huyo. Kila usiku wa ziada ni hela ya kahawa, na kukaa sehemu moja ni kuiacha nyingine. Kikundi kilipiga kura, Unguja ikaondolewa. Bibi alikuwa na hamu ya Unguja tangu usichana wake, na sidhani kama magoti yake yatampa nafasi nyingine. Jioni ya mwisho nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Bahari nimeiona kwa macho yangu. Kisiwa mtanisimulia." Hiyo ndiyo gharama, na anayepanga safari ya polepole lazima aiseme wazi mapema ili wazee wenyewe wachague. Tukiwachagulia sisi, hata kwa nia njema, tumewarudisha kuwa watoto.

Yule aliyetaka kuona vyote ndiye aliyevaa ngata.

Zoezi

Bumu likitoka kila mtu ana mipango yake, lakini zoezi hili halina gharama. Likizo ijayo, tafuta wazee watatu wa kwenu na eneo moja la historia lililo karibu. Uliza kwanza wanajua nini kuhusu hapo. Panga nusu siku, sehemu moja, na mwenye hatua fupi awe mbele. Ukirudi chuoni, andika ukurasa mmoja: ni jambo gani walikufundisha ambalo halimo kwenye noti zako?