Siha ya Askari si Ushahidi

Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 nchini Kuba kwa mafunzo. Walipopimwa damu, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Septemba mwaka huo, mjini Harare, Fidel Castro alimweleza Rais Museveni habari hiyo, naye akaanza kuwaonya watu wake waziwazi.

Basi fahamu: siha ya mwili si ushahidi. Mwenye virusi aweza kupiga gwaride miaka mingi bila dalili. Na vidonda vya kaswende huvifungulia mlango. Askari akaaye mbali na mkewe, mwenye mshahara mfukoni, huwa hatarini zaidi.

Ajiepushaye na zinaa huilinda nyumba yake. Aliyekwisha kuteleza asijifiche, bali akapimwe. Dawa zipo: azitumiaye sawasawa hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.