Somo la mwezi: Mto unachimba, unabeba, unaweka



Mvua ya mwezi wa 9 ikianza, vijito vya milima yetu vinageuka rangi. Maji yaliyokuwa meupe yanakuwa mekundu. Ile rangi inatoka wapi? Inatoka kwenye mashamba. Ni udongo wa juu, ule wenye mboleo, ambao maharagi na mahindi yanakula. Kwa hiyo tujifunze namna maji yanavyofanya kazi, ili tujue pa kuyazuia.

Kazi tatu za mto

Kuchimba. Penye mteremko mkali maji yanakimbia, yanachimba chini kuliko pembeni. Ndiyo maana mabonde ya milimani ni membamba na ya kina.

Kubeba. Maji ya mbio yanabeba udongo, mchanga, hata mawe. Mwendo ukiongezeka kidogo, nguvu inaongezeka sana. Kijito ambacho mtoto anavuka wakati wa jua kinaweza kusukuma jiwe kubwa siku ya mvua kali.

Kuweka. Maji yakifika tambarare yanachoka. Yanaacha kwanza mawe, kiisha mchanga, na mwisho ule udongo laini.

Ruzizi inaonyesha kazi zote tatu. Inatoka Ziwa Kivu, kwenye urefu wa karibu metre 1.460, na inaingia Ziwa Tanganyika, kwenye metre karibu 770. Kutoka Bukavu inashuka kwa nguvu katika makorongo. Ikipita Kamanyola inaingia bondeni, inatulia na kupindapinda. Mahali inapopinda, ukingo wa nje unakatwa, na upande wa ndani unaongezeka mchanga. Mwenye shamba upande wa nje anapoteza mistari yake kidogo kidogo kila mwaka, hata kama hakuna mafuriko.

Udongo mzuri, mahali pa hatari

Chini ya milima, pale kijito kinapotokea kwenye tambarare au ziwani, mara mingi kuko udongo mzuri. Watu wanajenga pale, wanalima, wanaweka soko. Lakini ule uwanja uliletwa na kijito chenyewe, mafuriko juu ya mafuriko. Siku moja kinaweza kurudi.

Tuliona hivyo Uvira mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika. Tuliona tena katika teritwari ya Kalehe tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023. Mvua kali ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Mvua ya namna ile hakuna anayeweza kuizuia. Lakini mlima usio na miti wala majani hauwezi kunywa maji mengi. Unayaachilia yote kwa mara moja.

Korongo linazaliwa shambani

Korongo kubwa linaanza kama mfereji wa upana wa kidole, kati ya mistari ya mihogo. Mifereji miwili ikikutana, maji yanapata nguvu. Mfereji wa kidole unazibwa kwa jembe kwa dakika chache. Ukiacha saizoni mbili au tatu, itaomba kijiji kizima na mawe mengi.

Tufanye nini?

1. Tulime kwa kukata mteremko, si kutoka juu kwenda chini.
2. Tupime mistari kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe linaloning'inia katikati. Tuchimbe mitaro kwenye mistari ile, tutupe udongo upande wa juu, na tupande matete juu yake. Matete ni chakula cha mbuzi na ng'ombe pia.
3. Mteremko ukiwa mkali zaidi, mitaro ikaribiane zaidi.
4. Tuache majani na miti kando ya mto. Mizizi inashika ukingo. Anayelima mpaka kwenye maji anaukabizi mto shamba lake.
5. Tusijenge nyumba mahali kijito kinapotokea mlimani.

Mtaro wa mtu mmoja hautoshi. Maji ya shamba la jirani wa juu yataujaza na kuupasua. Kazi hii tuanzie juu ya mlima, tushuke pamoja, shamba kwa shamba. Ndiyo sababu inafaa ifanywe na koperative.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Katika mashamba yetu, mifereji midogo iko wapi leo?
– Nani analima juu yetu, na nani anapokea maji yetu chini?
– Tuchague siku gani ya salongo ya mitaro, mbele mvua ianze?

Jaribio: siku ya mvua, jaza chupa maji ya mfereji wa shamba lako, uiache mpaka asubuhi. Ile iliyolala chini ya chupa ni mboleo yako ilikuwa inaondoka. Uilete kwenye mkutano, wote waone.