Pansio: franka zinazokatwa ku mshahara zinaenda wapi?

Ndugu wanamemba, mu nyumba nyingi za Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi, mmoja anashika jembe, mwingine anatumika ku mine. Mshahara wa ule wa mine ndio unanunua mbolea na mbegu ya mahindi. Siku utakatika, nini itabakia? Leo tujifunze juu ya pansio.

Nini inakatwa?
Kila mfanyakazi wa mshahara, hata mlinzi wa depo ya koperative yetu, anapashwa kuandikishwa ku CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS. Watumishi wa Serikali wana kese yao, CNSSAP.

Tufanye hesabu. Ku mshahara wa franka 600 000, CNSS inakata mfanyakazi 5%, ni 30 000. Mwajiri anaongeza 13%, ni 78 000: 5% ya pansio, 6,5% ya posho ya watoto, 1,5% ya hatari za kazi.

Pansio ziko aina tatu
- *Ya uzee*: kwa mwenye miaka 60, aliyeacha kazi ya mshahara na aliyelipiwa miezi 180, ni kusema miaka 15.
- *Ya kilema*: kwa ule mwili umekataa kazi mbele ya kufikia uzee.
- *Ya waliobaki*: kwa mjane na yatima.

Zote zinafuata mshahara: mshahara ukiwa mkubwa na miezi mingi, pansio nayo inapanda. Mzee asiyefikisha miezi 180 anapewa franka mara moja tu, basi.

Hatari iko wapi?
Vijana wetu wengi wanapita sosiete moja mpaka ingine, zaidi za sutretansi. Tuseme mmoja alitumika miezi 36 huku, 60 kule, 84 pengine. Jumla ni 180. Lakini ule wa katikati akikata franka bila kuzipeleka ku CNSS, kijana anabakia na miezi 120 ku kitabu.

Franka za mara moja tunazijua. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini na malipo ya mara moja. Malipo kama hayo yanaweza kuanzisha shamba, lakini mvua ikikosa hayarudi. Pansio inarudi.

Tufanye nini?
1. Ulizeni mtoto ao bwana: namba yako ya CNSS ni gani? Namba ni moja hata akibadilisha sosiete.
2. Chungeni kila karatasi ya mshahara na kila kontra, mbali na panya na maji.
3. Kila mwaka apite ku ofisi ya CNSS kuhakikisha miezi yake. Ikipungua, apeleke karatasi zake pale na ku Enspeksio ya Kazi.
4. Aliyeacha mine na kurudi ku shamba aulize bila kukawia kama anaweza kuendelea kujilipia mwenyewe.

Ya kujadili mu mkutano: koperative yetu inalipa watu wangapi? Wote wameandikishwa?